Gauni la Kamba Mgongoni

Jumanne, 4 Machi

Filamu imefika. Dereva wa kampuni kanigongea, kanisainisha, kaondoka hata maji hakunywa. Ndani ya bahasha kuna flashi na kadi: asante kwa mchango wako, furahia na familia. Furahia! Miaka miwili naomba filamu hii ifie hukohuko ilikokwama.

Kadi inasema ni hadithi ya kusisimua ya kutazama nyumbani, watoto kwa wazee. Binti wa mfinyanzi anavuka ziwa kwenda nchi ya ukungu kumtafuta kaka yake aliyegeuzwa ndege. Hao watu wa ukungu, magauni yao nilishona mimi. Sitini, meupe, vifungo mgongoni. Na mimi ndiye niliyemtafutia mdogo wangu nafasi ya kuwa mmoja wao. Kazi nyepesi, nilimwambia. Unapakwa rangi nyeupe uso mzima, unasimama, basi.

Siku mbili za kwanza walipigwa picha salama. Alfajiri ya tatu boti iliyowavusha ilizama. Watu kumi na mmoja. Miili minane ilipatikana. Yeye hakupatikana.

Flashi nimeitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Nina sare za shule za kumaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Kasuku kaipata! Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, miaka saba, na jina la Kasuku hakupewa bure — mwambie neno asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Alikuwa anatafuta kifungo cha kumshonea mwanasesere, akatoka na flashi. Akaja kuuliza kama ni katuni. Mama naye masikio yako wazi, akataka kujua ni nini. Mama siwezi kumdanganya, ulimi unakataa tu. Nikasema.

Mama kaipokea flashi, kaifuta kwa kanga. Kisha kasema Jumamosi tutaitazama sote, mtoto naye ana haki ya kuona kazi ya mwisho ya mama yake. Nikamwambia huenda haonekani, walikuwa wengi na wote weupe kama unga.

"Nitamwona," Mama kasema.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeitazama. Saa nane mchana, mapazia tumeshusha, jua linachungulia pembeni.

Filamu yenyewe nzuri, siwezi kusema uongo. Kasuku kacheka jitu lilipojigonga dari, kajificha nyuma ya bibi yake nyoka alipozungumza. Hata mimi nilianza kujisahau. Kisha binti akaingia ukumbi wa watu wa ukungu. Hawana vinywa, hawana majina, wamesimama safu kwa safu, na waliamriwa wasitikisike.

Safu ya nyuma, kushoto, mmoja katikisika. Kasimama mguu mmoja. Kidole gumba cha mguu wa pili kinakuna kifundo.

"Mama anajikuna!" Kasuku kapiga kelele.

Tangu utotoni mdogo wangu alisimama hivyo. Kwenye foleni, mlangoni jikoni, hata siku ya harusi yake mbele ya watu wote. Tulikuwa tukimwita Korongo. Mama kainuka, kaenda hadi kwenye televisheni, kaweka kiganja kwenye kioo. Tumerudisha mara nne. Sekunde sita tu, basi anafunikwa na wengine.

Nimerudi kwenye cherehani, miguu haikuipata pedali. 

Jumapili, 9 Machi

Mama hatoki sebuleni. Anamsimamisha pale kwa rimoti, anamsalimia. Umeamkaje mwanangu. Umekula? Anasema mwanawe amekuja kutuaga, hakupata nafasi ile siku. Uso wake una furaha ambayo sijaiona miaka miwili, na mimi kila nikipita mlangoni nahisi ule uso mweupe unanifuata mimi, si Mama.

Kasuku kaniuliza wakati namsuka nywele: yule binti alipokuja kumchukua kaka yake, kwa nini hakumchukua na mama?

Nimemwambia atulie, nywele zinapinda.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandikeje.

Mama alikuwa kalala mchana. Nikaiwasha mwenyewe, kimya, bila sauti. Baada ya zile sekunde sita watu wa ukungu wanageuka wote na kutupa migongo. Na mshonaji ni mshonaji, hata msibani ataangalia mshono. Nikaangalia.

Kamba! Gauni la mdogo wangu lina kamba mgongoni.

Magauni ya kwanza yalikuwa ya vifungo. Yalikuwa ndani ya masanduku, kwenye boti ileile, yakazama yote. Kampuni ikaagiza mengine. Niliyashonea hapahapa nyumbani, machozi yakidondokea kitambaa, wiki ya tatu tangu msiba, na vifungo vilikuwa havipatikani. Nikatia kamba. Dereva akaja kuyabeba, mimi ziwani sikurudi tena.

Kwa hiyo gauni analovaa nililikata yeye akiwa ameshakufa.

Nimerudisha mara tisa. Nikajisemea labda ni mwingine, watu wanafanana. Mwingine anayejikuna kifundo kwa kidole gumba? Nikasema ni mzimu. Nilikaa nayo hiyo ya mzimu kama saa nzima, kwa kweli ilikuwa nafuu. Lakini kamba za mgongoni mtu hajifungi mwenyewe. Kuna mtu alimfunga.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Bi Mkasi. Alikuwa mkuu wa mavazi kwenye ile filamu, ndiye aliyekuwa akiwavisha. Siku hizi ana duka la kukodisha magauni ya harusi. Nimemkuta na mteja, nikasubiri katikati ya mashela.

Mteja alipoondoka sikuzunguka. Nikamwambia nimeona kamba. Kageuza kibao cha mlangoni, kafunga.

Kasema alfajiri ile mdogo wangu alimjia amepasuka juu ya jicho, damu imeshuka hadi shingoni. Mumewe alimpiga, usiku wa kuamkia siku hiyo. Bi Mkasi akamwambia uso huo haupakiki rangi leo, akampa kitambaa na kumlaza stoo juu ya mapazia ya jumba la mfalme. Boti ikaondoka. Jina lake limo kwenye orodha, hakuna aliyelifuta.

"Alipoamka," Bi Mkasi kasema, "alikuwa ameshakufa. Akaniomba nimwache hivyohivyo."

Akamficha kwake. Wiki tano. Kidonda kilipofunga alihitaji nauli ya kwenda mbali, ndipo akampaka rangi, akamfunga kamba, akasimama ukumbini siku moja miongoni mwa wageni wasiomjua. Halafu akaondoka.

Nimeuliza yuko wapi. Kasema hilo hasemi. Yuko mbali, ana kazi, na siku hizi analala usingizi. Nimelia pale katikati ya mashela ya watu. Kisha hasira zikanipanda. Miaka miwili! Mama kazeeka mbele ya macho yangu. Mtoto anamtafuta kwenye televisheni. Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi, dada yake wa tumbo moja.

Bi Mkasi kajibu huku akikunja shela.

"Mtoto alikuwa kwenu siku ile, akajua atakula, ataoga, atasoma. Kwa mtoto alikuamini. Kwa nafsi yake hakukuamini. Alisema ukijua utamwambia arudi kwa mumewe."

Nimeacha namba yangu ya simu, nikachukua yake.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike, maana hapa hakuna wa kunitetea.

Miezi mitatu kabla ya boti alikuja na begi. Nilikuwa nashona kola, pini zimejaa mdomoni. Akafunua mkono akanionyesha. Bluu, njano, alama za vidole. Na mimi, bila kutoa pini mdomoni, nikamwambia ndoa ni kuvumiliana, nani hana yake, rudi kwako kabla watu hawajaanza kusema. Nikampigia pasi gauni lake lililokunjamana. Nikamsindikiza mpaka kituoni na begi lake nikambebea.

Nilijiona dada mzuri siku ile.

Na leo Mama kampigia shemeji simu. Sikuwa chumbani. Kamwambia njoo Jumapili umwone mkeo, yumo kwenye filamu, amependeza. Mama hajui kitu. Kwake shemeji ni dhahabu: hajaoa tena, kila mwisho wa mwezi anamletea mtoto biskuti, hapandishi sauti. Ni fundi saa. Akija hutengeneza na saa yetu ya ukutani, anaweka ile lenzi yake jichoni, anaona kipande cha unywele ndani ya mashine. Mimi mwenyewe nimemsifu mara ngapi kwa majirani!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeangalia tena uso wake. Karibu kabisa na kioo. Juu ya jicho la kushoto kuna mstari, rangi haikushika. Nilikuwa nimeuona nikadhani ni mkunjo. Ni kovu, limefunga vizuri.

Watu wote wanaweza kutazama filamu hii wasione kitu. Mama ameona mwanawe anaaga. Lakini kuna mtu mmoja anayejua lile jeraha lilikuwa bichi usiku wa kuamkia boti. Huyo akiona kovu, amejua yu hai.

Nimejaribu kila njia. Nimesema flashi imeharibika, Mama akaifungua mbele yangu, nzima kabisa. Nimesema Kasuku ana homa. Kasuku huyo anaruka kamba uani. Nimesema filamu inaniumiza, nisaidie Mama, isubiri. Akasema mwenye mke naye ana haki ya kumlilia, mimi nisiwe mchoyo wa msiba. Sasa flashi analala nayo chini ya mto.

Nimefikiria kumwambia ukweli. Atafurahi hadi atapita mtaani akishangilia, na wa kwanza kupigiwa simu ni mkwewe. Nimefunga mdomo.

Bi Mkasi nimempelekea ujumbe kwamba shemeji anakuja kesho kuitazama. Kajibu neno moja: nimesikia.

Jumapili, 16 Machi

Saa tisa kamili. Shemeji kafika, shati jeupe, biskuti mkononi. Kaniuliza hali kwa upole wake uleule. Nimesema chai haijaiva, nimejifungia jikoni. Mlango hauna komeo, nimeegemeza kiti.

Nasikia kila kitu. Jitu limejigonga dari, Kasuku anacheka. Shemeji naye anacheka.

Nyoka amezungumza. Bado kama dakika kumi.

Mama anamwambia jiandae, mwanangu, ni safu ya nyuma.

Kasuku kapiga kelele yake. Mama analia. Muziki wa ukumbini umeisha.

Muziki umeanza tena. Mama hajui kurudisha kwa haraka hivyo. Rimoti anayo yeye.

Tena. Mara ya tatu. Sasa hakuna sauti kabisa, amesimamisha picha. Nasikia kiti chake kikisogea mbele.

Kauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa: "Mama, boti ilizama tarehe ngapi vile?"

Mama kamjibu. Ishirini na moja. Anaikumbuka maskini hata usingizini.

Nasikia rimoti ikiwekwa mezani.

Nimemwandikia Bi Mkasi: amejua. Mhamishe leo. Ujumbe umekwenda.

Shemeji anaongea na Mama, chini chini. Anasema anaona upweke tangu amwone. Anasema anaomba akae na mwanawe kidogo, wiki moja, mbili, atampeleka shule mwenyewe. Mama anasema wewe ndiye baba yake, unaomba ruhusa ya nini?

Anamfanya mtoto chambo cha kumrudisha mdogo wangu. Mungu wangu, mtu huyu ana akili.

Kasuku kasukuma mlango pamoja na kiti nilichoegemeza. Ananiambia: Baba kasema nivae viatu, Mama Mkubwa, vile vya kufunga, si ndala. Nikamwambia sijui viko wapi. Vimo ndani ya sufuria kubwa, nimevitia sasa hivi nikafunika.

Shemeji kaja mlangoni. Kasema samahani, shemeji, viatu vya mtoto havionekani. Nikasema nimevifua, vimelowa. Akasema haidhuru, atambeba.

Nikasema haendi.

Mama kauliza kule sebuleni kuna nini. Shemeji ananitazama mimi, kisha daftari. Kaniuliza naandika nini. Nimemwambia vipimo vya mteja, nikiacha nitasahau, asubiri kidogo.

Anasubiri. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika gauni la Kasuku kwa nyuma, na yeye kaanza kulia kwamba namvuta.