Pua ya Wifi Manka

Mwika

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa jike. Baba yako anakohoa lakini hospitali hataki, mbishi kama wewe.

Sasa wewe mtoto, barua gani hii umeniandikia? Nimeisoma mara tatu. Ati puani mna vipokezi vya harufu, na harufu moja inaweza kuvizima visiipokee nyingine, na mwenye pua asijue? Halafu unaniuliza kama nimewahi kuona jambo hilo!

Nimeliona. Nilipomzaa baba yako, aliyenihudumia ni wifi Manka, dada wa babu yako. Siku hiyo alishinda akiosha kahawa iliyolowekwa mpaka ikachacha, uvundo wake unaujua. Jioni akaniletea mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama, wenye samli. Samli imeoza! Nikatapika.

"Unataka kuniua?"

"Wifi, niliinusa. Haki ya Mungu, haikunuka."

"Mwongo! Hata paka angeisikia."

Nikamfukuza, na sijamsalimia mpaka leo. Hata tulipomzika babu yako nilikaa mbali naye. Miaka yote hiyo, Neema! Kumbe mwenzangu alisema kweli?

Na wewe ulikuwa wapi usisome mapema?

Kesho nashuka Rau, Manka anakoishi kwa binti yake. Nitampa barua yako asomewe kwanza, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Mdomo wangu huu haujazoea kuomba msamaha. Akinifukuza, ni haki yake.

Bibi yako