Foleni ya Wapweke na Foleni Kubwa

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana moyo umeshaamua ila miguu inaogopa. Mimi ni mjane wa miaka sitini na nane, naishi jirani na lango la bustani ya michezo inayoulisha mji wetu mzima, na tangu mume wangu Gerhold afariki nimekuwa nikienda kila Jumatano kupanda ile treni ya mbao, inapanda taratibu kisha inaporomoka mpaka unahisi utumbo umebaki juu, kwa sababu mle ndani napiga mayowe nitakavyo na hakuna anayeniuliza nina nini. Kuna foleni ya pembeni ya watu waliokuja peke yao, wanaingizwa popote kiti kilipobaki, na humo ndimo nilimokutana na Fernand, mwokaji mikate mstaafu kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Wafaransa, mara ya kwanza tukapangwa pamoja kwa bahati, na siku hizi tunawapisha wengine mbele mpaka zamu zetu ziangukie kiti kimoja.

Sasa binti yangu Silke anauza picha pale mlango wa kutokea, zile ambazo kamera huwapiga watu wakiporomoka, na wiki iliyopita alituona kwenye skrini tumeshikana mikono.

"Mama, huyo babu ni nani?"

"Jirani wa kiti tu."

"Jirani wa kiti ndiyo umgande hivyo? Kaburi la baba limeota magugu, mji mzima unaliona, na wewe uko hewani unacheka."

Tangu hapo haji kwangu kunywa kahawa, na Fernand naye amechoka kujificha, anataka Jumapili hii tusimame foleni kubwa ya waliokuja na wenzao, saa nzima, kama wapenzi, mbele ya majirani wote wanaofanya kazi pale. Nataka kwenda na nitakwenda, lakini Silke ndiye mtoto wangu pekee. Nifanyeje nisimpoteze?

Mechthild

Mama Mechthild,

Pole kwa upweke, na hongera kwa kutokaa nao ndani. Ila acha nikuseme kidogo. Jirani wa kiti? Kwa umri huo unamdanganya bintiyo kama msichana aliyefumaniwa nyuma ya shule! Silke amejua habari zako kwenye skrini, kazini, mbele ya wenzake, na bado anamlilia baba yake. Hilo ni kosa lako, usimbebeshe Fernand.

Jumamosi asubuhi mpigie simu, mwambie, "Twende kwa baba." Ng'oeni magugu pamoja, pandeni maua, na mikono ikiwa bado na udongo mweleze yote kuhusu Fernand: anaitwa nani, anatoka wapi, na kwamba huna mpango wa kumwacha. Usimwombe ruhusa. Akilia, lia naye. Akinuna, mwache anune, na kahawa yake uiandae vilevile kila wiki mpaka atakapokuja.

Kisha nenda. Ingia foleni kubwa, mshike mzee wa watu mkono. Majirani watatazama, watachoka, watarudi kwenye kazi zao. Na wewe tumia saa hiyo kumchunguza, maana kwenye treni, dakika mbili tu, kila mwanamume anapendeza. Kusimama juani na magoti yanauma ndiko kunakomwonyesha mtu. Mkifika mbele na bado mna la kuzungumza, huyo mpeleke kwa Silke.