Karatasi ya Urho Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana binti yangu Raili ameshanicheka vya kutosha, na msimamizi wa jengo letu, Bwana Pentti, alianza kwa kucheka sasa amefika kwenye kukasirika, na mimi mwenyewe sijui tena kama ni mjane mwenye akili timamu au ni kikongwe tu aliyezeeka vibaya, ila najua kwamba Jumatatu ijayo Pentti anakuja na kisu chake kubandua karatasi za madirisha yangu.

Nimepanga kwenye nyumba hii ya mbao hapa Pispala, ghorofa ya chini, chumba na jiko, mwaka wa arobaini na moja sasa, na kila Oktoba marehemu mume wangu Urho aliyafunga madirisha kwa ajili ya baridi kama mama yake alivyomfundisha, yaani tunateremsha madirisha ya ndani kutoka darini, mimi nasugua vioo kwa siki na magazeti, tunatandaza kati ya dirisha la nje na la ndani ule mmea mweupe wa msituni ulio laini kama sufi, tuliouokota wenyewe chini ya misonobari, juu yake naweka maua makavu mawili matatu, halafu Urho anapika gundi ya unga wa ngano na kuziba nyufa za dirisha la ndani kwa kanda za karatasi nyeupe huku akiimba vibaya, na mpaka leo nikisikia harufu ya unga na siki kwa jirani machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa.

Akimaliza alichomoa penseli nyuma ya sikio akaandika kwenye ukanda wa chini wa dirisha la jikoni tarehe, hali ya hewa na jambo moja la siku hiyo, basi majira yote ya baridi nikiosha vyombo nayasoma maneno yale, na Mei tunalowesha karatasi, tunabandua, tunafungua madirisha yote, tunakunywa kahawa na maandazi ya iliki hewa mpya ikitupiga usoni, na karatasi za mwaka huo Urho anazitia kwenye jiko la kuni na kusema, "Haya, Alma, tumeishinda tena," kwa hiyo, mshauri, sina hata moja ya miaka ile, zote tulizichoma tukicheka.

Oktoba iliyopita tuligombana, maana alimaliza unga wangu wote kwa gundi siku niliyotaka kuoka maandazi. Nikamwambia, "We mzee, leo tutakunywa kahawa na karatasi?" Akanijibu, "Bora karatasi. Daktari si alikukataza sukari?" Nikanuna mpaka jioni, naye akaandika: "9 Oktoba. Mvua ya upepo. Alma amenuna." Aprili akafariki, wiki tatu kabla ya siku ya kufungua.

Sikufungua. Mei ikapita, kiangazi kikapita, nikakaanga samaki humo humo madirisha yamefungwa, na Raili akija anajipepea kwa gazeti akiuliza, "Mama, hii ni nyumba au ni sauna?" nami namwambia basi vua koti, na sote tunajua si koti linalozungumzwa.

Sasa kosa langu. Septemba kanda za juu zilianza kukatika, baridi ikawa inaingia, na mimi sikutaka kubandua hata moja, basi nikatoka uani, nikapanda juu ya kreti la viazi, nikayaziba madirisha ya nje kwa utepe wa plastiki, pande zote nne, matatu yote, na Pentti aliponiona akapiga kelele, "Mama Alma, shuka hapo! Unafunga dirisha au unafunga kifurushi cha posta?" nikamwambia akaangalie ngazi yake iliyooza kabla ya kuangalia madirisha ya watu. Haikupita wiki mbili mvuke ukajaa kati ya vioo, maji yakawa yanachuruzika, ule mmea mweupe ukageuka mweusi, na maji yamepenya chini mpaka kwenye ukanda wa Urho, umevimba, una madoa ya kuvu, na lile neno "amenuna" silioni hata kwa miwani.

Pentti anasema mwenye nyumba hataki mbao zake zioze, na jalidi inakuja. Raili anasema nipige picha kwa simu yaishe, lakini picha haina gundi yake. Nikibandua nampoteza, nisipobandua nampoteza vilevile. Nifanye nini?

Alma, Pispala

*

Alma mwenzangu, pole. Pole kwa Urho, pole kwa Mei ambayo hukuinywea kahawa. Umeniomba nisikucheke, na sikucheki. Kukugombeza hukunikataza.

Miaka arobaini umesimama kando ya mtu anayeziba dirisha la ndani peke yake, hukujiuliza hata siku moja kwa nini la nje haligusi? Mvuke wa sufuria zako unapenya kwenye nyufa za ndani, na usipopata pa kutokea kule nje unageuka maji. Dirisha la ndani huzibwa, la nje huachwa lipumue. Urho alilijua hilo, na wewe ulilijua pia, ila majonzi yalikupandisha juu ya kreti la viazi. Ulitaka kumhifadhi mumeo, ukamtia majini.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili nalijua tangu utoto. Nililelewa kwenye chumba cha kupanga, na baba yangu alikata kanda zake kutoka kwenye magazeti ya zamani. Herufi nilijifunzia hapo dirishani, nikisoma matangazo ya mazishi ya watu nisiowajua huku uji wangu ukipoa. Ningetoa mengi kuwa na ukanda mmoja tu wa dirisha lile. Kwa hiyo usidhani naandika haya kwa moyo mkavu.

Maji hayafuti penseli, Alma. Wino ungekuwa umeshakwenda na maji, lakini penseli ipo chini ya hayo madoa. Kinachokula maandishi ya Urho ni kuvu, na jalidi ikiukuta ukanda ungali umelowa utapasuka vipande vipande. Unavyozidi kuulinda ndivyo unavyozidi kuumaliza.

Leo ni Alhamisi. Leo hii hii, kabla hujafua wala kupika, toa ile plastiki ya nje yote. Mwite Pentti akushikie kreti, na umwombe radhi kwa ile habari ya ngazi, hata kama ni kweli imeoza. Kesho acha dirisha lipumue. Jumamosi mwite Raili, na umwambie kwa nini, kwa maneno, si kwa mambo ya koti. Naye alimpoteza baba Aprili ile ile.

Chemsha birika. Ukanda wa Urho usiumwagie maji kama mnavyofanya Mei. Ulainishe kwa mvuke, kisha uinue polepole kwa kisu cha siagi. Ulaze kati ya taulo mbili, juu yake weka kitabu cha nyimbo za kanisani, mbali na jiko la kuni usije ukajikunja. Ukikauka, pangusa madoa kwa brashi laini. Huo usiuchome. Kanda nyingine zote zitie motoni, na useme yale maneno ya Urho ya kila Mei, hata sauti ikikukatikia.

Halafu fungua madirisha. Yote matatu, hata theluji ya maji ikiwa inanyesha. Najua unachokiogopa hapo, na si karatasi. Unaogopa hewa aliyoifungia Urho itoke. Mwenzangu, ilishatoka kitambo, kila Raili alipofungua mlango. Vaa koti, kaa hapo dirishani na binti yako, mnywe kahawa. Kama machozi yatakuja, yaache yaje, jirani amezoea kukusikia ukigomba na Pentti.

Jumapili nendeni msituni mkaokote mmea mpya. Huo mweusi tupeni. Sugueni vioo kwa siki, mzibe la ndani tu. Jumatatu Pentti akija na kisu chake atakuta kazi imekwisha, mpe kahawa na yeye.

Raili akipika gundi atamaliza unga, hilo sina shaka nalo, nawe utakosa maandazi tena. Mnunie, Alma, tena mpaka jioni. Kisha chukua penseli, na kwenye ukanda wa chini wa dirisha la jikoni andika tarehe, hali ya hewa, na jina la aliyenuna.