Damu ya Chupa ya Pili

Garsen,
Tana River.
9 Novemba 1957

Mpendwa Kaka Philemon,

Pokea salamu zangu, na za Mama juu yake. U hali gani huko Mombasa? Mgongo wako je, na magunia ya bandarini? Huku tu wazima, isipokuwa walioumizana.

Barua yako ya hasira imefika. Unasema unakuja na panga kummaliza Boru. Kaka, keti kwanza. Boru angekufa, ndugu yetu Kaviha angenyongwa.

Ng'ombe wa Boru, mfugaji yule, waliingia shambani mwetu, wakala mahindi hadi mabua. Kaviha akamkata ng'ombe mmoja. Boru akarusha mkuki, ukaondoka na nusu ya sikio la Kaviha. Naye Kaviha akamkata panga la paja, mfupa ukaonekana. Damu iliruka hadi usoni kwangu. Sikufichi, nilipiga kelele, "Mkate tena!"

Hospitalini daktari akasema Boru ameishiwa damu. Matone ya damu ya jamaa zake yalichanganywa na yake juu ya kioo, yote yakaganda vipande vipande. Ya Kaviha ikapatana. Basi mkono mmoja ukiwa na pingu ya askari, mwingine ukatobolewa, damu ikashuka kwenye chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha ikapitishwa kwa mpira hadi mshipani mwa Boru. Usidhani ni huruma. Kaviha alikuwa anaokoa shingo yake.

Boru alipozinduka na kuambiwa, aliwaka. Damu ya mla kiboko ndani yake, na kwao wafugaji nyama hiyo ni haramu! Akang'oa bandeji kwa kucha, akatia vidole kidondani ili itoke, nayo ikatoka, godoro likalowa. Mama yake, Bibi Mumina, akamkalia kifuani na kumzaba makofi.

"Kama taka mwaga hiyo, mwaga kwanza maziwa yangu!"

Ikahitajika chupa nyingine. Kaviha hakuwa na ya kutoa tena. Yangu ikapimwa, ikapatana, nikamchukia daktari kwa kuniambia. Wazee wetu nao wakaja na neno lao. Ile ya kwanza, walisema, haihesabiki, kwa kuwa Boru alitiwa akiwa hajitambui. Lakini hii, akiikubali kwa kinywa chake, ni sawa na kuchanjiana: mtoaji na mpokeaji ni ndugu, na amwagaye damu ya ndugu wa chale hafi vizuri.

Nikasimama kando ya kitanda cha Boru. Mikono yangu ililitaka koo lake, Kaka, nakuapia.

"Wewe nakula kiboko?" akaniuliza.

"Nakula, na mafuta nalamba vidoleni."

Akacheka mpaka akauma mto kwa maumivu. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya. Tia."

Leo anakunywa uji, na ni mimi ninayeupika. Kaviha atafungwa, lakini kamba haipo tena. Sikio na mahindi hatutayaona tena, na bado kila nikimwona Boru meno yananiuma kwa hasira.

Nisalimie wifi Nyevu na watoto. Mama anasema ule vizuri. Mungu akupoze moyo na kukulinda njiani, kama lazima uje. Ila ukija na panga lako, anza na mimi. Boru sasa ni ndugu yangu.

Dada yako, akupendaye kwa damu iliyombakia,
Tuneya