Govi Limebana Uzeeni, Nami Najipaka Lami

Mpendwa Mama Aune, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, na leo nakuomba msaada, na kwanza nakuomba usicheke, kwa maana nina miaka sabini na minne na jambo lenyewe liko mahali ambapo mzee wa umri wangu hatarajiwi kuwa na habari mpya.

Govi langu limebana. Lilianza kiangazi kilichopita, polepole, ngozi ya kwenye ncha ikawa nyeupe na ngumu kama karatasi iliyolowa ikakauka, kisha ikawa inapasuka nikiivuta nyuma nijisafishe, na sasa hairudi nyuma kabisa, mkojo unatoka mwembamba kama uzi, nami kila nikienda haja nasimama nimeshika ukuta nikijiuliza kama hii ndiyo saratani yenyewe. Unajua msemo wetu, kwamba kisichopona kwa sauna, pombe na lami ya msonobari kina mauti ndani yake. Mama yangu alikuja nao kutoka Karelia, kwetu kulikotwaliwa na adui, vita vilipotuhamisha, pamoja na ng'ombe mmoja na sufuria, basi nikaona nianze na dawa ya mama. Nikanunua lami, ile ile ya kupaka mashua, nikawa naingia sauna ya nyumbani, chumba chetu cha kuogea mvuke, peke yangu, nafunga komeo, najipaka. Iliniunguza, Mama Aune, mpaka nikauma taulo, lakini nikajiambia dawa kali ndiyo dawa.

Mke wangu Hilja akafua suruali yangu ya ndani, akainusa.

"Unanuka mashua mpya," akasema. "Haya, nionyeshe mashua."

Nikajifanya natafuta miwani.

"Na komeo ni la nini? Nimekuona uchi tangu ukiwa na nywele kichwani, leo unanificha nini, baba wewe?"

Nikasema ni baridi yabisi.

"Baridi yabisi ya ndani ya suruali!" Tangu siku hiyo ananipakulia supu bila kunitazama, nadhani anawaza kuna mwanamke.

Ila linaloniumiza zaidi ni Jumamosi. Tumebaki watatu wa kijiji chetu, mimi, Taisto na Urpo, na kijiji chenyewe kiko ng'ambo ya mpaka, miti imeota ndani ya nyumba, hakuna tena ajuaye njia ilipinda wapi ila sisi, nasi hayo hatuyasemi popote ila kwenye benchi la juu la sauna ya Taisto, uchi kama tulivyozaliwa, mvuke ukiwa mkali kiasi kwamba hakuna awezaye kusema nani analia. Sijakanyaga huko tangu theluji ianze, naogopa wataona. Taisto akapiga simu: "Vipi, bwana mkubwa, sauna yangu imeingia kunguni?" Nikamsikia Urpo kwa nyuma: "Mwulize, akiogopa moto wa hapa, kule aendako atafanyaje!" Wakacheka. Kisha Taisto akaacha kucheka. "Njoo, bwana. Daktari hausifu moyo wangu. Mimi na huyu mbishi tunagombana kinu kilikuwa upande gani wa daraja, na mwamuzi ni wewe." Nikasema nina mafua. Ninajua kinu kilikuwa wapi, Mama Aune. Kilikuwa upande wa kanisa.

Zahanati naogopa kwenda, daktari wetu ni msichana wa rika la mjukuu wangu, na ninaogopa atasema kisu, mimi, katika umri huu. Nifanyeje?

Aliyeshuka Benchi la Juu

*

Mzee wangu, sikucheka, isipokuwa pale pa Hilja, na nadhani hapo hata wewe mwenyewe ulitaka kucheka.

Lami kaipake mashua. Mama zetu walisema vile kwa sababu daktari alikuwa safari ya siku nzima kwa farasi. Wa siku hizi yuko jirani na duka la mikate. Kuugua sehemu hiyo ya mwili si aibu. Kujiunguza ngozi iliyokwisha kupasuka, hilo ni ujinga, tena umeufanya kwa bidii.

Piga simu zahanati Jumatatu asubuhi. Huyo msichana unayemwogopa ameona wazee wengi kabla yako, na kama huwezi, omba daktari mwanamume. Hakuna atakayekuuliza sababu. Mwambie ngozi imekuwa nyeupe na ngumu, usiishie kusema "inabana" tu, na mwambie habari ya lami pia. Atakuangalia, atakupima sukari, kwa maana kisukari hupenda kujionyesha hapo. Saratani ya mahali hapo ni nadra, lakini ngozi ya namna hiyo haiachwi bila kutazamwa, na kidonda kisichopona au kinundu usikifiche hata siku moja.

Kisu si lazima kiwe cha kwanza. Mara nyingi huanza na krimu kali ya steroidi, ya kuandikiwa na daktari, unapaka kidogo kwa wiki kadhaa, na ngozi ikilainika unaivuta taratibu bila kuilazimisha. Wengi huishia hapo. Ngozi ikigoma, kuna upasuaji mdogo wa kuipanua ngozi, ila kwa ugonjwa wa ngozi nyeupe kubana huko hupenda kurudi, ndiyo maana madaktari wengi huchagua tohara, na kipande kilichotolewa hupelekwa kuchunguzwa. Ni kwa ganzi, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mamilioni ya wanaume duniani walitahiriwa na wanaishi. Lakini mkojo ukikataa kutoka kabisa, au ngozi ikirudi nyuma ikakwama na kichwa kikavimba, usingoje Jumatatu wala mimi: hospitali, saa hiyo hiyo.

Hilja mwambie leo, kabla supu haijapoa. Maneno matatu yanatosha: "Govi limebana, naogopa." Halafu ng'oa lile komeo.

Na Jumamosi uende. Usingoje kupona, moyo wa Taisto haungojei krimu yako. Funga taulo, keti benchi la chini ambako joto si kali, mpaka ulipojiunguza papone. Urpo atasema lake, mwache aseme. Watu waliopoteza kijiji kizima hawatakushangaa kwa kipande cha ngozi. Na hata kutoka benchi la chini sauti yako itawafikia: kinu kilikuwa upande wa kanisa.