Mzee Aliyesema Ehee

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, kisha Mama, kisha wote waliopo hapo nyumbani barua hii itakapofika. Mgongo unaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda juu ya bati kukagua misumari, na ukikatazwa unadai unanyoosha viungo. Shuka, Baba, tafadhali. Bati limevumilia miaka yote hii bila kukaguliwa. Na presha ya Mama je? Mwambie asinidanganye kwamba amepima kama hajapima, maana najua anavyosema "nzuri tu" kabla hata ya kuulizwa. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ndiko kusikotulia.

Utashangaa kupata barua wakati simu yangu inafanya kazi. Dada alicheka nilipomwambia, akaniuliza kama nimerudishwa shule ya bweni. Naandika kwa sababu kwa sasa sitaki kusema jambo lolote la maana ndani ya simu. Karatasi, mtu akitaka kuisambaza, angalau itabidi atoke jasho kidogo.

Sehemu ya mkasa wangu umeshaisikia, lakini umeisikia kwa watu. Nataka uisikie kwangu.

Asubuhi ile waziri wa afya alikuja studio kwenye kipindi changu kuzungumzia zahanati zinazofungwa, ya mtaa wetu hapo nyumbani ikiwemo. Nilijiandaa vizuri. Nilimuuliza mgonjwa wa presha afikeje hospitali kuu, akajibu kwamba barabara ni nzuri na watu wanatembea mbali zaidi kwenda harusini. Nilimwomba ripoti iliyoamua zahanati hizo hazina wagonjwa, akasema wataalamu wanayo. Nikamuuliza mara ya pili, akacheka akaniita binti. Mwishowe nikasema ahsante sana Mheshimiwa, kwa sauti ileile ninayosomea hali ya hewa. Ndiyo kazi yangu. Mimi nauliza, msikilizaji anaamua, na uso wangu hauna ruhusa ya kununa hata kwenye redio ambako hakuna anayeuona.

Mchana Mama akauliza kwenye kundi letu la familia kama ni kweli zahanati inafungwa. Nilikuwa kwenye ngazi za ofisi, nimevua viatu kwa sababu kisigino kilikuwa kinaniuma. Nikabonyeza simu nikamjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilisema yule bwana amenidanganya mchana kweupe na mimi nikamshukuru. Nilisema mtu anayefunga zahanati huku anajenga ofisi ya chama chake ng'ambo ya barabara hastahili hata kura ya mkewe, na atakayempigia asije kulia kwangu. Nilisema mengi, kwa hasira, tena nadhani kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kusema hewani. Shangazi akacheka. Shemeji akasema nigombee ubunge, yeye atabeba mkoba. Nikavaa viatu nikarudi kazini.

Kabla jua halijazama sauti yangu ilikuwa kila mahali. Mtu aliibandika juu ya ile picha yangu ya matangazo ya kituo, ile ninayocheka kama nimeshinda bahati nasibu, akaandika kwamba mtangazaji amechoka kunyamaza. Kesho yake nilikuwa nakunja nguo chumbani, likapita gari la kampeni la chama cha upinzani na vipaza sauti vyake juu, na ndani ya vile vipaza sauti nilikuwa mimi. Nilisimama na shuka mkononi nikijisikiliza nikipita mtaani kwangu. Muuza mboga wa kona alipiga makofi. Kisha, mwisho kabisa, baada ya maneno yangu, ikaja ile sauti ya mwanamume mzee: "Ehee! Mwambie huyo!"

Ni hiyo ndiyo iliyowapendeza watu kuliko hata maneno yangu. Muuza dawa ananirudishia chenji akisema ehee, mwambie huyo. Mlinzi wa getini kazini ananipigia saluti kwa hayohayo. Kuna vijana wameitia mdundo, wanaicheza.

Ofisini hakukuwa na mdundo. Mhariri mkuu, yule mama tunayemwita Mama Mizani, aliniita akaniwekea mbele mwongozo wa kituo. Mwongozo unasema kwamba mtangazaji wa habari na siasa asionyeshe upande, si hewani wala kwenye kurasa zake binafsi, kwa sababu msikilizaji akishakujua uko wapi hatakuamini tena hata ukimsomea saa. Hakuhitaji kunisomea. Mimi ndiye ninayewasomea wageni wanapoanza kazi. Aliniambia kwa upole kwamba nitoke hewani mpaka kikao kiamue, na tangu siku hiyo nakaa chumba cha kumbukumbu, nabandika lebo kwenye kanda za zamani. Kipindi changu anakiendesha mtu mwingine. Anataja jina la mtaa wetu vibaya, na siwezi hata kumpigia kumsahihisha.

Baba, ningekuwa siuamini ule mwongozo, ningelala vizuri. Lakini nauamini, na wewe ndiye uliyeniaminisha. Kila uchaguzi nimekuona ukivaa lile koti la bluu, ukala kiapo, ukakaa kwenye meza ya kituo cha kura kama msimamizi, na siku hiyo hata kusalimia unasalimia wote kwa kipimo kimoja. Mama mpaka leo hajui umewahi kumpigia nani. Nakumbuka baba mdogo alipomsifu mgombea wake tukiwa mezani, ulichukua sahani yako ukaenda kula barazani peke yako, na hakuna aliyethubutu kukufuata. Nilikuwa mdogo, nikafikiri ndivyo anavyofanya mtu mwenye heshima.

Kinachonichoma ni kwamba mwongozo huu unawachagua watu. Yuko mtangazaji wetu wa michezo, tunamwita Kipyenga. Kila siku anaandika kwenye ukurasa wake kwamba yule mgombea wa chama tawala ndiye kocha anayehitajiwa na taifa. Amepiga naye picha akiwa na kofia ya chama, kofia imemkaa vizuri kweli. Nilimuuliza Mama Mizani mbona yeye yuko hewani. Akanijibu kwamba Kipyenga ni wa michezo, tena ni wa mkataba, na mwongozo unawabana watu wa habari. Nikamwambia Kipyenga ana wafuasi wengi kuliko taarifa ya habari. Akavua miwani, akafikicha macho, akasema mkataba ule hakuuandika yeye, na waliouandika wako ghorofa ya juu, na kama nina nguvu za kupanda ngazi nipande.

Kipyenga mwenyewe alikuja chumba cha kumbukumbu kunipa pole. Alikaa juu ya boksi la kanda, akaniambia tatizo langu ni kuchukulia kila kitu moyoni. Akanifundisha: juu ya ukurasa unaandika kwamba maoni haya ni yangu binafsi, basi, umeshapiga chenga, sema utakalo. Halafu uwe unatia utani, mdogo wangu, wewe una uso wa mtihani. Nilitamani kumrushia kanda. Alipoondoka nikakaa nikitafuta kosa kwenye maneno yake, na kwa jinsi mambo yalivyo ofisini kwetu sikuliona. Hilo liliniudhi kuliko utani wake.

Kikao cha kwanza kilikuwa ndani ya studio ndogo. Walikuwepo Mama Mizani, mwanasheria wa kituo na mtu wa utawala ambaye muda wote alikuwa anachonga penseli kwa kisu kidogo. Waliucheza ule ujumbe kwenye spika kubwa. Mwanasheria akasema maneno yangu si tatizo lake kubwa. Kama nilikuwa nazungumza na familia, na mtu akayatoa nje bila ridhaa yangu, mwongozo una mlango: nitapewa onyo la maandishi na nitarudi kwenye kipindi. Lakini huyu mzee ni nani? Alisema ukisikiliza, inaonekana kama nimesimama mbele ya wafuasi, na mzee yuko mstari wa mbele ananishangilia. Chama cha upinzani kinadai ni mwanachama wao. Tayari wamejitokeza wazee wawili tofauti, kila mmoja anasema ehee ile ni yake.

Basi wakanipa sharti. Nimlete huyo mzee, au aandike na kutia sahihi aeleze ilikuwaje. Nikifanya hivyo, suala limekwisha. Nisipofanya, Jumatatu kikao cha pili kitahesabu kwamba nilihutubia mkutano wakati wa kampeni, na kipindi kitakwenda, na huenda ajira nayo. Mama Mizani aliinama mezani akaniangalia kama anayemsukumia mtoto sahani. Akaniuliza kama naijua ile sauti.

Nilisema siijui.

Sasa Baba, keti, kama hujaketi.

Ule ujumbe uliosambaa haukutumwa kwa kubonyeza kama watu wanavyotuma. Fundi mitambo wetu aliugundua mara moja, kwa udadisi tu, akaniambia sauti ina mwangwi, mtu ameweka simu mbili uso kwa uso, moja inasema na nyingine inarekodi. Mimi namjua mtu mmoja tu duniani anayetuma hivyo. Ndivyo ulivyowatumia walimu wastaafu wenzako hotuba ya harusi ya Dada, na sote tukakucheka, na ukakataa kufundishwa. Halafu nyuma yake, nikivaa spika za masikioni, nasikia cherehani ya Mama ikienda na kusimama. Na ile ehee yenyewe. Nilikuwa nakusomea gazeti kwa sauti kabla sijaanza shule, na kila nilipolishinda neno gumu ulisema hivyo hivyo, kwa kuivuta mwanzo na kuikata mwisho. Ningeitambua hata ndani ya uwanja wa mpira uliojaa.

Najua ulifanya kwa fahari. Ulitaka wenzako wamsikie binti yako. Kwa hilo sikukasirika, nakuapia. Siku ya kwanza nilipogundua nililia kidogo, na haikuwa kwa uchungu. Kilichonikasirisha ni ulichoandika baadaye kwenye kundi, mbele ya Mama na shangazi na watoto wote, kwamba alaaniwe aliyemfanyia mtoto wetu unyama huu. Kwa herufi kubwa. Nilikisoma nikiwa katikati ya kanda zangu, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tangu hapo nimekusubiri useme. Nimekusikia kwenye simu ukiniuliza habari za mvua.

Nikikutaja, narudi hewani, na wewe jina lako linafutwa kwenye orodha ya wasimamizi, na picha yako inabandikwa juu ya ile ehee ichezwe kila mahali. Kwa hiyo nilidanganya. Nilidanganya ndani ya studio, kwa sauti yangu ya habari, na wote watatu waliniamini papo hapo. Hilo linanitisha, Baba. Sikujua kama sauti ile inaweza kazi hiyo.

Jumatatu nitasema hivyohivyo, kisha nitawapa barua ya kuacha kipindi na kazi kabla hawajaninyang'anya. Usije. Nakujua, usivae viatu vyako vizuri ukapanda basi kuja kuniokoa. Umechelewa, na mimi nimeshaamua. Nilisema yule waziri asipigiwe kura, na ni kweli nilitaka asipigiwe. Nina upande. Mtu mwenye upande hakai pale nilipokuwa nimekaa, hata kama alisema kwenye ngazi akiwa peku.

Ila nakuomba jambo moja, nawe unisamehe kwa kukuomba hivi, mimi niliye mdogo wa wote. Nenda kwa mkurugenzi wa uchaguzi umwambie mwaka huu hukai mezani. Sababu si lazima utoe, mgongo unao. Hakuna aliyekukamata, na huenda hakuna atakayekukamata kamwe, na ndiyo maana nakuomba. Kipyenga anabaki kwa sababu hakuna mkono unaomfikia. Mimi natoka kwa sababu nilikamatwa. Nimechoka kutafuta mtu hata mmoja anayeinuka kwenye kiti kwa kuwa mwenyewe anajua, wala hajasukumwa. Nilidhani nilikuwa na mmoja, nilimwona akichukua sahani yake.

Ukikaa, siri yako haitatoka kwangu. Nitakuja siku hiyo kama kila mpiga kura, nitasimama kwenye mstari, nitakukabidhi kitambulisho changu na utanitafuta kwenye daftari, nami nitakuamkia. Lakini sitaweza kukutazama, na watu walioko nyuma yangu wataona.

Nisalimie Dada na shemeji, umwambie shemeji aweke mkoba chini, ubunge haupo. Msalimie shangazi. Mama umsomee barua hii yote, au usimsomee kabisa; usimchagulie vipande. Mimi wiki ijayo nitaanza kutafuta kazi nyingine, na nikishapata nitakujulisha. Jibu lako nalisubiri, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Wako akupendaye, na anayekukasirikia kwa mara ya kwanza maishani mwake,

Kitindamimba wako.