Chupa Kumi na Mbili za Mama Yako

Chumba Na. 2,
Nyumba za Wafanyakazi wa Chuo,
S.L.P. 318.

Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Dada Mrefu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Wapwa zangu bado wanagombania dirisha? Huku tu wazima. Mama yako aliondolewa mtoto wa jicho tarehe 20 Mei, na sasa anaona vizuri kiasi cha kuniambia nimenenepa.

Leo nataka kukueleza kazi yake, maana kwenye simu huwa mnaishia kwenye mvua na jua. Nimefungua shajara yangu nisije nikaongeza chumvi.

Unakumbuka wale nzi wadogo wa matunda anaowafuga kwenye maabara ya chuo tangu Juni 2018. Wote walitoka chupa moja. Akawagawa: nusu akawalisha uji wa wanga, nusu uji wa sukari, wasikutane tena. Kila wiki mbili hivi huzaliwa kizazi kipya, kwa hiyo wamefika kama vizazi mia na hamsini. Kwetu sisi hiyo ni zaidi ya miaka elfu tatu! Walioumudu uji wao ndio waliozaa zaidi, na watoto wakarithi uwezo huo.

Mwaka jana akagundua jambo. Ukiwakutanisha, jike la wanga hupenda dume la wanga, na la sukari hupenda la sukari. Si wote, ila saba au nane katika kila kumi. Bado si aina mbili za viumbe, lakini ndivyo aina mpya zinavyoanza: jamii moja inagawanyika, kila upande unabadilika kivyake, mwishowe hawazaliani tena.

Mkuu wa idara hakukubali. Alimwambia mbele yangu, "Mama, lebo unazijua. Labda unaona unachotaka kuona." Akaongeza kwamba mama yako akistaafu Desemba, chupa zitatupwa. Mama yako alijibu, "Sawa, bwana mkubwa," akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Sasa sikia nilichofanya. Alipokuwa amelazwa nilishika zamu yake baada ya kazi yangu ya stoo. Tarehe 22 niliona chupa zina vumbi. Nikazishusha zote kumi na mbili za rafuni mezani, nikazifuta moja moja kwa spiriti mpaka zikang'aa. Wino wa lebo nao ukaondoka. Dada, nilikaa chini sakafuni. Miaka sita, na sikujua ipi ni ipi.

Nilikwenda kumwambia jicho lake likiwa bado limefungwa. Nilitegemea kufokewa. Badala yake aliuliza, "Zile mbili nyingine, za kwenye darubini, umezifuta?"

"Hapana, Shangazi. Sikuzifikia."

"Basi usilie, Bwana Daftari. Tutawauliza wenyewe."

Tarehe 25 akaja na bandeji yake, akakaa kitini, mimi nikawa macho yake. Madume kutoka zile chupa mbili zenye lebo, moja ya wanga na moja ya sukari, tuliyapaka unga wa rangi, mekundu na ya buluu. Nani amepakwa rangi ipi, alipanga mtu mwingine, nasi hatukuambiwa. Kutoka kila chupa isiyo na jina tukachukua majike mapya, ambayo hayajakutana na dume, nikawa natazama nani anamkubali nani.

"Huyu?"

"Amempiga teke mwekundu."

"Ana adabu zake. Andika."

Siku sita tuliandika. Kisha tukaweka mayai ya kila chupa kwenye uji wa wanga, tuone funza wa nani watastawi na wa nani watakufa. Matokeo yalitoka jana. Mkuu wa idara mwenyewe alizilinganisha karatasi mbili, ya majike na ya funza, kidole kikipanda na kushuka. Chupa kumi na moja zilikubaliana. Ya kumi na mbili majike yake hayakuchagua upande, na mama yako akasisitiza nayo iandikwe hivyohivyo.

Mkuu wa idara alivua miwani. "Mama, safari hii hakuna aliyezijua lebo. Hizi hazitupwi."

"Mshukuru mpwa wangu," akasema, "kwa usafi wake."

Nimeishi karibu na mama huyu maisha yangu yote, na jana ndipo nilipojua ukubwa wake. Mtu aliyebeba chupa miaka sita, zikamponyoka katika mikono yangu, akageuza kosa langu kuwa ushahidi.

Tulipokuwa tukirudi nilimkumbusha kwamba uliondoka wiki ileile alipowagawa nzi. Akacheka, halafu akasimama njiani. Akaniagiza niandike hivi: "Mwambie miaka sita haitoshi mtu kuwa aina nyingine. Aje kabla ya Desemba, anikute kazini. Uji wowote atakaoukuta atakula."

Nisalimie shemeji, wapwa zangu, na yule jirani yako fundi cherehani. Mungu awalinde nyumba nzima, na awafungulie njia.

Nakupenda, nakungoja,
mtoto wa mjomba wako,
Bwana Daftari